Mashine ya kusagia kahawa yenye meno ya koni: kabla ya kuilaumu kwa espreso, tazama kama jino linacheza

Mashine ninayoitathmini hapa imekaa jikoni kwangu, Kisasa jijini Dodoma, kwa miezi kumi na minne, na katika muda huo nimeifungua na kuifunga mara nyingi kuliko kifaa kingine chochote nilichonacho. Ni mashine ya umeme ya kusagia kahawa nyumbani, yenye meno mawili ya chuma: jino la ndani lenye umbo la koni, ambalo huzungushwa na mota, na jino la nje lenye umbo la pete, ambalo huizingira koni hiyo na halizunguki. Kipenyo cha meno ni milimita 40. Mtumiaji hubadilisha ukubwa wa chenga kwa kuzungusha bakuli la juu, ambalo lina hatua 40 zenye namba, na kila hatua husikika kwa mlio mdogo wa kuruka. Niliinunua ikiwa mpya kwa muuzaji wa mtandaoni, ikafikia Dar es Salaam, ikapandishwa Dodoma kwa basi, na jumla nilitumia shilingi 520,000. Sitaji chapa, kwa kuwa mashine za muundo huu hutengenezwa na viwanda vingi, na karibu yote nitakayoyaeleza yanatokana na muundo wenyewe.

Nianze na hukumu. Kwa kahawa ya kuchuja kwa karatasi au ya birika, mashine hii ni nzuri tangu siku inapotolewa kwenye boksi. Kwa espreso, ilivyotoka kwenye boksi haifai. Baada ya marekebisho ambayo vifaa vyake havikuzidi shilingi elfu ishirini, inafaa, tena inafaa vizuri, lakini kwa masharti ambayo mnunuzi anapaswa kuyafahamu kabla ya kutoa fedha zake.

Wengi wetu tuliizoea kahawa kabla ya kuiona mashine ya aina hii. Kahawa ya kijiweni, ile inayochemshwa kwenye birika la shaba juu ya makaa na kunywewa na kashata, hutwangwa kwa kinu na mchi, na mtwangaji hapati shida chenga zikitofautiana, kwa sababu maji hukaa na kahawa kwa muda mrefu, chenga kubwa nazo hupata nafasi ya kutoa ladha yake, na machicha hutuama chini kabla ya kumiminwa kikombeni. Espreso haina uvumilivu huo. Maji ya moto husukumwa kwa shinikizo la bar 9, ambalo ni karibu mara nne ya upepo wa tairi la gari dogo, yakapenya kwenye tonge la kahawa lililoshindiliwa, na kazi yote huisha ndani ya sekunde 25 hadi 30. Kipimo ninachokitumia ni kile cha kawaida: gramu 18 za kahawa iliyosagwa, gramu 36 za kinywaji kikombeni. Kitu kikubwa kinachoamua maji yachukue muda gani, ukishapima uzito na kushindilia sawasawa, ni usagaji. Chenga zikiwa kubwa kidogo, maji hukimbia na kinywaji huwa chachu na chepesi. Zikiwa laini kupita kiasi, mashine ya espreso hudondosha matone machungu kama dawa.

Majuma matatu ya kwanza niliamini nililokuwa nimelisoma na kusikia kila mahali, kwamba mashine za nyumbani hushindwa kutengeneza espreso kwa sababu hazisagi laini ya kutosha. Kwa hiyo nilifanya wanachofanya wengi: niliifungua, nikakata vipande vyembamba kutoka kwenye mkebe wa soda, ambao bati lake lina unene wa takribani sehemu moja ya kumi ya milimita, nikavipachika chini ya kishikilio cha plastiki kinachobeba jino la nje, ili pete isogee karibu zaidi na koni. Mashine ilisaga laini zaidi, hilo halina ubishi. Hatua ya 3 ilikuwa laini kiasi kwamba hakuna tone lililopita. Lakini shida yangu ya msingi ilibaki palepale, na nilichelewa kuiona kwa sababu sikuwa naandika vipimo. Nilipoanza kuandika kwenye daftari, jambo lilijitokeza ndani ya siku mbili: hatua ileile, buni zilezile, uzito uleule, na bado kikombe cha kwanza kilichukua sekunde 17, cha pili 31, cha tatu 22. Mashine isiyosaga laini ya kutosha ingenipa muda mfupi kila mara. Hii ilikuwa inanipa muda tofauti kila mara, na hiyo ni shida ya namna nyingine kabisa.

Aliyenionyesha chanzo si mtaalamu wa kahawa. Ni mzee anayetengeneza vyerehani karibu na soko la Majengo, ambaye nilimpelekea mashine kwa sababu skrubu moja ilikuwa imegoma kufunguka. Nilimsalimu, akaipokea, akaiweka juu ya kitambaa, akaifungua skrubu hiyo kwa pigo moja dogo la nyundo kwenye mpini wa bisibisi. Kisha, bila kuombwa, akashika kishikilio cha plastiki kwa vidole viwili na kukisukuma kushoto na kulia.

“Mwalimu, hii kazi yake ni kusaga nini?”

“Kahawa, mzee. Lakini kila siku inatoa tofauti.”

“Lazima itoe tofauti. Jino linacheza. Shika mwenyewe uone. Sindano ya cherehani ikicheza, utabadilisha uzi mpaka lini?”

Nilishika. Kishikilio kilisogea kwa kiasi ambacho jicho lilikiona kwa shida lakini kidole kilikitambua mara moja, pamoja na mlio mdogo wa plastiki kugonga plastiki. Mzee alichukua vile vibamba vyembamba vya kupimia uwazi, ambavyo mafundi wa magari huviita fila geji, akapachika kimoja baada ya kingine kati ya kishikilio na ukuta wa mashine, hadi kile cha milimita 0.20 kilipoingia kwa kubana. Yaani sehemu moja ya tano ya milimita. Hesabu hiyo inaonekana ndogo mpaka uikumbuke kazi yenyewe: hatua moja ya bakuli la juu husogeza pete kwa kiasi kilicho kidogo kuliko hicho. Maana yake ni kwamba namba niliyokuwa naichagua kwa uangalifu asubuhi haikuwa na nguvu yoyote juu ya mahali pete ilipokwenda kukaa mota ilipoanza kutetemesha mashine.

Kinachotokea ndani ni hiki. Koni ikiwa katikati kabisa ya pete, uwazi kati ya meno huwa sawa pande zote, na punje huvunjwa kwa kipimo kimoja. Pete ikisogea upande au ikiinama, uwazi hupanuka upande mmoja na kubana upande wa pili, kwa hiyo mashine hutoa chenga kubwa na vumbi kwa wakati mmoja. Vumbi huziba, chenga kubwa huacha mianya, na maji ya bar 9 hayasubiri: hutoboa njia mahali palipo dhaifu na kupita hapo. Ndiyo maana kikombe kibaya cha espreso huweza kuwa kichachu na kichungu kwa pamoja, jambo ambalo lilinitatiza kwa muda mrefu. Uchachu hutoka kwenye chenga ambazo maji hayakuzifikia vya kutosha, uchungu hutoka kwenye vumbi lililokamuliwa kupita kiasi kando ya njia ile.

Marekebisho ya kwanza, na kwa maoni yangu ndiyo yenye thamani kuliko yote, yalikuwa kuuondoa mchezo wa jino hilo. Nilichomoa plagi ukutani, nikatoa bakuli, nikatoa kishikilio, nikafungua skrubu tatu zinazobana pete kwenye kishikilio hicho. Chini ya pete nilikuta tabaka la unga wa kahawa uliogandamana kwa mafuta yake, mnene upande mmoja kuliko mwingine, na pembeni ya kikalio chake palikuwa na kijiukingo cha plastiki kilichobaki kiwandani wakati wa kumimina, kidogo kama ukucha wa mtoto. Hicho peke yake kilitosha kuiinua pete upande mmoja. Nilikikwangua kwa wembe, nikasafisha kikalio kwa brashi ya rangi iliyo kavu, nikarudisha pete na kuzikaza skrubu kidogo kidogo kwa zamu, kama mtu anavyokaza nati za gurudumu la gari, maana skrubu moja ikikazwa hadi mwisho kabla ya nyingine, pete huinama tena. Baada ya hapo nilizungushia ukuta wa nje wa kishikilio ile tepu nyeupe nyembamba ya mafundi bomba, mizunguko mitatu, nikiivuta ilale bila mikunjo na kuhakikisha kwamba ipo nje kabisa ya njia ya kahawa, hata isije kukatwa na meno ikaingia kwenye kinywaji. Mizunguko miwili ilikuwa haitoshi, minne ilifanya bakuli lisizunguke. Mitatu iliufuta mchezo, na bakuli likawa linazunguka kwa uzito mzuri, kama mfuniko wa chupa mpya.

Ili kujua kama pete imekaa sawa, nilipaka wino wa maka peni kwenye ukingo wa ndani wa pete, nikairudisha, nikaishusha taratibu hadi meno yalipoanza kugusana, kisha nikaizungusha koni kwa mkono mara mbili, plagi ikiwa bado mezani. Ukiifungua baada ya hapo utaona wino umefutika wapi. Mara ya kwanza ulikuwa umefutika upande mmoja tu, takribani theluthi ya mzunguko. Nilitafuta tena, nikakuta chembe ya kahawa chini ya kikalio, nikaiondoa. Mara ya tatu wino ulifutika karibu mzunguko mzima. Kazi hii ilinichukua jioni moja, na matokeo yake yalionekana asubuhi yake: vikombe vitano mfululizo, vyote kati ya sekunde 26 na 30.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba ililazimu niviondoe vile vipande vya mkebe wa soda. Jino lilipotulia, mashine ilisaga laini ya kutosha bila msaada wake, na kilichokuwa kinaonekana kama upungufu wa ulaini kilikuwa ni uwazi uliojifungua wenyewe upande mmoja. Namshauri yeyote anayetaka kuanza na vipande vya bati, ushauri unaotolewa kwa wepesi mno, ajaribu kwanza kukisukuma kishikilio kwa kidole. Kama kinacheza, bati halitamsaidia.

Baada ya hapo ndipo upungufu halisi wa muundo ulipoonekana, na huo ni hatua zenyewe. Buni za Mbozi ninazozitumia sana zilipita kwa sekunde 22 kwenye hatua ya 8 na kwa sekunde 39 kwenye hatua ya 7, wakati kikombe kizuri kiko katikati, mahali ambapo bakuli hukataa kusimama. Kwa kahawa ya kuchuja tofauti hiyo haina maana yoyote, kwa espreso ni pengo kubwa. Nilipoifungua tena niliona kwamba mlio wa hatua hutolewa na ulimi mdogo wa plastiki, uliofungwa kwa skrubu moja, ambao huruka kutoka jino hadi jino kwenye pete ya kurekebishia. Wapo wanaoupiga tupa hadi uishe. Mimi niliufungua na kuuhifadhi kwenye mfuko, ili mashine iweze kurudishwa kama ilivyokuwa. Bila ulimi huo bakuli huzunguka bila hatua, lakini pia hutembea lenyewe kwa mtetemo wa mota, na uwazi hupanuka katikati ya kusaga. Dawa yake niliipata kwa fundi baiskeli: ukanda wa tyubu kuukuu, upana wa milimita 8, uliokatwa kwa mkasi na kuvishwa kwenye shingo ya pete hiyo. Mpira huo hushika vya kutosha kuzuia mtetemo, na mkono bado hulizungusha bakuli bila kutumia nguvu. Juu yake nilibandika tepu ya karatasi na kuchora mistari kwa kalamu ya wino, mistari mitano kati ya 7 na 8. Buni za Mbozi zinakaa kwenye mstari wa tatu.

Tahadhari mbili zinahusu hapa. Ukiufungua ulimi huo, usitegemee muuzaji kuheshimu dhamana yake, na hana kosa. Pia, usilizungushe bakuli kuelekea ulaini wakati mota imesimama na kahawa imebaki kati ya meno, kwa sababu unga utabanwa pale na mota itaamka ikiwa imefungwa. Rekebisha mashine ikiwa inazunguka, au safisha kwanza.

Hali ya hewa ya Dodoma nayo ina sehemu yake. Tuko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,100, katika ukanda mkavu ambao mvua zake huanza mwishoni mwa mwaka na kukoma kama Aprili, na kuanzia Julai hadi Oktoba hewa hukauka hadi midomo kupasuka. Katika miezi hiyo unga wa kahawa ulikuwa unaruka. Sisemi hivi kwa kutia chumvi: nilipokivuta kikombe cha kupokelea, unga ulishikamana na kuta zake, ukasimama kama manyoya, na mwingine ukarukia kwenye meza na kwenye mkono wangu. Huo ni umeme tuli, unaozalishwa na punje zinapopasuka na kusuguana na meno. Dawa yake ni tone la maji. Nalowesha mpini wa kijiko kwa maji, nautikisa mara moja, kisha nakoroga punje gramu 18 kabla ya kuzimimina kwenye bakuli. Inatosha, na manyoya hayo hutoweka. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon nchini Marekani na wenzao walichapisha kwenye jarida la Matter uchunguzi wao kuhusu jambo hilihili, wakaonyesha kwamba unyevu ulioongezwa kabla ya kusaga hupunguza umeme tuli na kuzuia unga kushikamana kuwa mabonge, na kwamba espreso iliyotoka humo ilikuwa nzito zaidi. Hapa kwetu tofauti hiyo huonekana hata kwa jicho. Maji yawe kidogo sana, kwa kuwa meno haya ni ya chuma na yanaweza kupata kutu. Mvua zilipoanza Desemba niliacha kabisa kutumia tone hilo, na ililazimu nifungue uwazi kwa mstari mmoja, kwani unga uliovuta unyevu ulianza kuchelewesha maji.

Umeme ni suala jingine. Kibandiko cha mashine yangu kinasema volti 220 hadi 240, ambazo ndizo zetu. Mnunuzi akitazame kibandiko hicho kabla ya kulipa, kwa sababu mashine zinazouzwa kwa soko la Marekani ni za volti 120 na zitaungua zikichomekwa hapa bila transfoma. Hata hivyo, jioni, majirani wote wanapokuwa wamewasha pasi na majiko, multimita yangu iliwahi kusoma volti 195, na mashine iliyomaliza gramu 18 kwa sekunde 24 asubuhi ilichukua 33. Siku moja ilisimama katikati ya kazi ikinguruma bila kuzunguka. Inapofanya hivyo, izime swichi papo hapo, usisubiri ijikwamue, kwa kuwa mota iliyofungwa hupata joto haraka. Ndani ipo swichi ya joto inayokata umeme, na mashine itakaa kimya kwa dakika nyingi hadi ipoe. Wapo waliodhani imekufa wakaipeleka kwa fundi bure. Kwangu chanzo kilikuwa muungano wa mambo mawili, volti ndogo na buni ngumu zilizokaangwa kidogo. Sasa natumia stabilaiza ileile ya friji, tena namimina punje baada ya kuiwasha mashine, si kabla, ili meno yaanze kuzunguka yakiwa matupu.

Kuhusu kahawa inayobaki ndani, nitasema kwa ufupi. Mashine hii huficha kati ya gramu moja na mbili kwenye njia yake ya kutokea, na kahawa hiyo ya jana hutoka leo. Brashi ndogo na kupiga kiganja mara tatu kwenye mfuniko hupunguza kiasi hicho hadi chini ya nusu gramu. Asubuhi nasaga punje tano au sita na kuzitupa kabla ya kikombe cha kwanza.

Buni zenyewe zinaipima mashine kwa namna tofauti. Zile zilizokaangwa hadi kuwa nyeusi na kung’aa mafuta huvunjika kirahisi, huleta vumbi jingi, na huhitaji uwazi mkubwa zaidi. Arabika ya Kilimanjaro iliyokaangwa kidogo ni ngumu, huifanya mota ilie kwa sauti nzito, na ndiyo iliyoonyesha ukomo wa mashine hii: hutoa kikombe kizuri, lakini mashine haifurahii, na nisingeipa kazi hiyo kila siku. Robusta ya Kagera, ikichanganywa kwa sehemu moja kati ya tano, huipa espreso povu zito la rangi ya dhahabu na huvumilia makosa madogo ya usagaji. Muhimu kuliko aina ni tarehe ya kukaangwa. Punje nilizozinunua dukani zikiwa hazina tarehe zilipita kwa sekunde 15 kwenye mstari uleule ambao kahawa iliyokaangwa siku kumi zilizopita, iliyotumwa kwangu kwa basi kutoka Moshi, ilipita kwa 28. Nilikaribia kuifungua mashine tena kabla ya kutambua kwamba haikuwa na kosa.

Nani anunue? Anayekunywa espreso mara moja au mbili kwa siku, anayetumia aina moja ya buni kwa majuma kadhaa, na asiyeogopa bisibisi. Huyo atapata mashine ambayo kwa bei yake sijui namna ya kuilalamikia. Anayetaka kubadilisha kutoka espreso asubuhi hadi kahawa ya kuchuja mchana ataichoka, kwa sababu kurudi kwenye mstari uleule huhitaji kikombe kimoja au viwili vya majaribio. Anayetumia mashine ya espreso yenye kile kichujio cha kuta mbili, chenye tundu moja dogo chini, hahitaji marekebisho haya hata kidogo, maana kichujio hicho hutengeneza shinikizo chenyewe na hufunika makosa ya usagaji. Mashine kama ilivyotoka kwenye boksi inamtosha, ingawa kinywaji chake hakitafikia kile cha kichujio cha kawaida. Na mwenye bajeti ndogo, au anayeishi mahali umeme unapokatika mara kwa mara, ningemshauri atafute mashine nzuri ya kuzungusha kwa mkono. Fedha iliyokwenda kwenye mota huenda kwenye meno na kwenye mhimili unaoyashikilia, na meno yaliyoshikiliwa imara, kama nilivyojifunza, ndiyo nusu ya espreso.

Hitilafu kubwa niliyoipata ilikuwa mwezi wa tisa. Niliponunua kilo moja ya kahawa iliyoanikwa chini na kukaangwa kienyeji, kijiwe cha ukubwa wa punje ya mtama kilipita bila kuonekana. Ulisikika mlio mkali, kisha mota ikawa inazunguka kwa wepesi wa ajabu huku meno yamesimama. Nilimpelekea tena mzee wa Majengo, akaifungua chini, akanionyesha gia moja ya plastiki ambayo vijino vyake vinne vilikuwa vimekatika. Alijitolea kunichongea ya shaba, na kwa ufundi wake najua ingekaa vizuri. Nilimshukuru, nikamwomba asifanye hivyo. Gia ile imewekwa ya plastiki kwa makusudi, ili kijiwe kinapoingia ikatike yenyewe kabla ya jino la chuma kumeguka au mota kuungua, na ya shaba ingeuhamishia mshtuko huo kwenye vitu ambavyo bei yake inakaribia ya mashine nzima. Mzee alilifikiria, akaigeuza gia hiyo kwenye mwanga, akasema, “Basi hii ndiyo fyuzi yake.” Niliagiza mbili, moja imefungwa ndani na nyingine ipo kwenye mfuko uleule wenye ulimi wa plastiki. Siku hizi kabla ya kusaga kahawa ya kuanika chini nazimwaga punje kwenye ungo na kuzipepeta, kama mchele.